Mlango Mmoja Nilioupita

Juni 4

Katika bonde hili, kuanzia kanisani hadi maporomokoni, hakuna mtu aliye hai anayeweza kuezeka paa la nyasi kunishinda mimi, Sjugurd wa Høgli. Andika hivyo, kalamu, wala usitetemeke.

Haya. Dada yangu Ragndi amepita nyuma yangu na sahani, amesoma juu ya bega langu, amecheka mpaka sahani zikagongana. Nisahihishe kabla wino haujakauka. Paa nililowahi kuezeka kwa mikono yangu ni moja, la kibanda cha mbwa. Mvua ya kwanza ilipokuja mbwa alihamia chini ya ngazi ya jikoni, akakaa huko mpaka kufa kwake, akinitazama kila nilipopita.

Naandika kwa sababu nina hasira, na Ragndi kasema amechoka kuzisikiliza, nizipeleke kwenye karatasi. Shule nilisoma kwa mafungu, wiki mbili darasani na wiki mbili nyumbani, kama watoto wote wa huku milimani. Zile za nyumbani ndizo nilizozielewa.

Leo kashuka kwenye basi mwanamke wa makumbusho ya mjini, Bi Ingerid, na viatu vya mpira na kamba ya kupimia. Kaja kuangalia ghala letu. Kalizunguka, kapapasa magogo, kainama chini yake kukagua miguu ya mawe inayozuia panya, kasimama mbele ya mlango wa kuchongwa muda mrefu kuliko watu wanavyosimama mbele ya madhabahu. Akasema magogo ni mazima, hata mdudu hajayaonja. Kisha akapanda ngazi, akatia mkono ukingoni mwa paa, akatoka na ukoko mweusi unaochuruzika maji kama mkate uliosahauliwa kwenye ndoo.

Paa limekwisha, kasema. Likiachwa hivyo magogo yatafuata. Makumbusho wako tayari kulifungua gogo kwa gogo, walisimamishe mjini pamoja na maghala mengine, lipate kuangaliwa. Nikamuuliza nani kamwambia habari za paa langu. Hakuficha. Ni jirani yako, kasema, wa ng'ambo ya mto.

Gjermund wa Bråten. Nilijua. Uvundo una anwani.

Lililonikata maini si hilo. Nusu ya shamba hili la Høgli ni ya Ragndi, na Ragndi kasema mbele ya mgeni, huku akimmiminia kahawa: "Kaka, mimi natia sahihi. Bora likae mjini likiwa zima kuliko likae hapa likiwa mbolea." Wakapatana wao wawili, kana kwamba mimi ni paka. Paa likiwa limefungwa kabla ya barafu ya kwanza, ghala linabaki. Lisipofungwa, lori litakuja Oktoba.

Juni 5

Nimeamka na hasira za jana zikiwa bado vuguvugu. Nimepanda juu ya ghala na sepetu, nimetupa chini paa lote la zamani. Udongo, nyasi, magome, mizizi, hata mti mdogo uliokuwa umeota karibu na kilele. Nilitaka waone kwamba Sjugurd akisema anaezeka, anaezeka.

Ragndi katoka, kaangalia mbao tupu, kaniangalia. "Sasa umelivua nguo," kasema, "na mawingu yale pale."

Juni 6

Mvua.

Juni 7

Mvua. Nimefunga turubai.

Juni 8

Turubai ni fupi.

Juni 24

Huu ndio wakati ambapo magome ya mti mweupe, yale yanayozuia maji chini ya nyasi za paa, hukubali kuachana na mti. Utomvu ukipanda unachana kwa kisu, unaingiza kidole, na gome linatoka lenyewe kama koti. Ukichelewa mpaka Agosti utalia. Nimepanda msituni kwangu tangu asubuhi, nimerudi na mzigo mgongoni, na nani kasimama katikati ya daraja kama nguzo ya kufungia ng'ombe? Gjermund.

Sisi tukikutana hatusalimiani, tunatukanana, na huo nao ni utaratibu. Yeye kaanza. Kauliza kama nimenunua magome hayo au nimeyaokota, maana yana matundu kama soksi za mjane. Nikamjibu kwamba matundu ni ya kumchungulia yeye akipeleka maneno mjini. Nilidhani atakana.

"Ni mimi," kasema. "Na ningesema tena kesho. Bibi yangu, dada wa babu, alitoka Bråten na ghala lile, magogo yakivutwa juu ya barafu ya mto huu, aje kuolewa na jitu la kwenu. Hakulileta ulilishe kuvu."

"Kama ni lenu, mbona liko kwangu?"

"Ndilo ninalojiuliza kila asubuhi nikifungua dirisha."

Akapita. Hakunipisha, nami sikumpisha, kwa hiyo mzigo wangu umempiga begani na magome mawili yameanguka mtoni. Yeye kasimama kuyaangalia yakienda na maji. Kama angekuwa mtu mwingine ningesema alisikitika.

Nimeyapanga yaliyobaki na kuyakandamiza kwa mawe yanyooke. Magome haya yana kiburi. Yakipata jua na nafasi hujikunja kama mtu aliyeudhika.

Julai 2

Mvua. Kwenye redio wanasema kusini kuna ukame. Waje wachukue.

Julai 3

Mvua.

Julai 11

Mwanya wa jua. Tumekata majani ya ng'ombe, tumeyaanika juu ya nyaya. Jioni mvua ikayarudia.

Julai 19

Upepo wa jana uliling'oa turubai na kulipeleka kwenye uzio wa kanisa, likaning'inia huko waumini wote walione. Mchungaji kaniletea akiwa kalikunja vizuri, na uso wa mtu anayejizuia asiseme neno.

Maji yameingia ghalani. Ragndi alikuwa amehifadhi humo mablanketi ya mama, mkate mkavu wa mwaka, na paja la kondoo lililoning'inizwa kwa ajili ya Krismasi. Mkate umekuwa uji. Paja tumeliokoa, lakini lina sura ya mzee aliyetolewa ziwani. Tulihamisha vitu kwa mikono miwili miwili bila kusemezana, na hicho ndicho kilichonitisha. Ragndi akinisema najua niko salama. Akinyamaza anakuwa ameshaamua.

Alipomaliza alisimama pembeni akaweka kiganja juu ya gogo la chini, palipoanza kuwa na unyevu. Akaninusisha kiganja. Harufu ya chini ya jiwe.

"Unasikia?" kasema. "Ama ghala liondoke na lori, kaka, ama harufu hii ibaki na wewe. Chagua."

Nikasema nitaezeka Septemba, wakati mabamba ya nyasi tunayokata pamoja na udongo wake yana mizizi mizito. Kauliza kwa mikono ya nani. Nikamwonyesha yangu. Kacheka, lakini si kile kicheko cha sahani.

Agosti 6

Kiuno.

Agosti 7

Kiuno bado. Gjermund kanunua trekta. Analipitisha kando ya mto hata asipokuwa na pa kwenda.

Agosti 25

Paa la nyasi haliezekwi na mtu mmoja, hata awe mimi. Ukishatandaza magome lazima yafunikwe kwa mabamba ya udongo siku hiyo hiyo, bamba la kwanza nyasi zikiangalia chini, la pili zikiangalia juu. Ukiyaacha wazi yanajikunja, yanatupa vibanio, na asubuhi unakuta paa limegeuka nywele za mwendawazimu. Kwa hiyo watu huitana. Na kuitana huku kwetu hakufanywi kwa salamu za kutumwa. Unakwenda mwenyewe, mlango kwa mlango, kofia mkononi, unasema neno nakuomba. Ukiombwa hukatai. Usipoombwa huji, hata nyumba ya mwenzako iwe inaelea, maana kwenda bila kuombwa ni kumwambia mtu kwamba hajui hata kuomba.

Leo nimezunguka bonde zima. Kwa Tallak nimekunywa kahawa. Kwa wale ndugu wa kinu nimekunywa kahawa. Kwa mchungaji nimekunywa kahawa na kusikiliza habari za turubai. Kila mahali nilishika kofia, nikasema neno, wakaitikia, ingawa wote waliniuliza kitu kile kile huku wakiangalia dirishani: umeanza upande gani wa mto?

Nimerudi nikiwa nimejaa kahawa mpaka masikioni. Ragndi kaniuliza kama nimepita Bråten. Nikasema njia ilikuwa na tope.

"Nani kakufundisha kwamba paa huombwa kwa kuchagua?"

Nikasema mikono iko ya kutosha, na ile miwili ya Gjermund inatosha kuandikia mashitaka tu. Kasema niende kesho. Nikasema labda. Kasema nisimwambie labda, yeye si mtoza ushuru. Hata alipoleta chakula cha jioni alikuwa bado anasema niende. Kabla ya kulala kaja na taa mlangoni kwangu, kasema kwa sauti ya chini ambayo sijaisikia tangu mazishi ya mama: "Neno moja tu, Sjugurd. Siombi zaidi. Sitaki kutia ile sahihi."

Nilijifanya nakoroma.

Agosti 26

Sikwenda.

Agosti 27

Nilifika darajani. Trekta lilikuwa likinguruma ng'ambo. Nikarudi.

Septemba 6

Nimechoka mpaka mifupani, lakini Ragndi kalala na mtu wa kumwambia sina, basi wewe daftari vumilia.

Leo ndiyo siku ya paa. Kulipokucha kulikuwa na jua. Kiangazi kizima nimeililia hali ya hewa kama hii, na leo ndiyo siku pekee ambayo sikuitaka, maana jua na magome ni maadui kuliko mimi na Bråten. Nilipanga mabamba ya nyasi kando ya ghala, nikaweka ngazi, nikapigilia kulabu za kushikia gogo la ukingoni. Nikakaa kusubiri watu.

Akaja Tallak. Akaja mkewe Åsne na kapu. Basi.

Nikauliza wengine wako wapi. Åsne akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Tallak ndiye aliyesema, maana hajui kupamba maneno. Ndugu wa kinu wana ng'ombe anayezaa. Mchungaji mgongo. Watu wa kule juu mlimani wamekwenda kung'oa jino.

"Jino la nani?" nikauliza.

"La wote," kasema Tallak. "Mzee, umeomba milango yote ukapita mmoja. Nani ataka kuonekana juu ya paa lako na Gjermund akihesabu kutoka ng'ambo nani kachukua upande gani? Sisi tumekuja kwa sababu Åsne ni mkaidi."

Nikasema tuanze. Wanne wakipenda wanaweza. Nikatandaza safu ya kwanza ya magome upande wa kusini, ya pili juu yake, Tallak akibeba mabamba, Ragndi na Åsne wakiyakokota kwa kamba mpaka chini ya ngazi. Safu ya tatu. Nilipogeuka kuipokea mizigo, nikasikia nyuma yangu mlio kama wa mtu anayekunja magazeti. Safu ya kwanza ilikuwa imeanza kuinua kingo zake. Nikalalia tumbo juu yake. Nikanyoosha mguu nikaikanyaga ya pili. Ya tatu ikaruka vibanio na kujiviringisha kama mkeka, ikaporomoka ikampiga Tallak kichwani.

Nimeishi miaka mingi lakini sijawahi kulala kifudifudi juu ya paa nimeshika magome kwa meno. Leo nimelala hivyo. Na kutoka pale juu nikaona ng'ambo.

Gjermund alikuwa kando ya mto akitengeneza uzio. Uzio ule hauna kasoro, kautengeneza masika. Alikuwa akigonga nguzo moja ile ile. Na begani alikuwa na sepetu ya kukatia nyasi, na hakuna uzio duniani unaotengenezwa kwa sepetu ya kukatia nyasi. Mlangoni kwake chungu cha uji kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa, tayari, kama kile ambacho wanawake hupeleka siku ya paa. Mtu hapiki uji wa krimu wa chungu kizima kwa ajili ya kumwangalia jirani akishindwa. Ulikuwa umepikwa tangu alfajiri nyumbani kwa mtu ambaye alikuwa anangoja kuombwa.

Ragndi alikuwa chini ya ngazi. Aliangalia magome, akaangalia mto, akajifuta mikono kwenye aproni, polepole, kama mtu anayejiandaa kushika kalamu.

Nikashuka.

Daraja lile ni fupi, leo lilikuwa refu. Gjermund aliendelea kugonga nguzo mpaka nikasimama mbele yake. Nilivua kofia. Mkono wenyewe haukutaka.

"Gjermund, nakuomba."

"Sema vizuri. Mto una kelele."

Mto leo ulikuwa umetulia kama maziwa kwenye sahani.

"Nakuomba mkono wako juu ya paa."

"Paa gani?"

Nikafikiria kumsukuma majini. Nilifikiria vizuri, nikachagua hata mahali. Kisha nikamsikia Tallak ng'ambo akitukana magome, nikasema: "La ghala la bibi yako."

Akaitupa nyundo kwenye majani, akamwita mkewe, akapita mbele yangu bila kuniambia twende. Mkewe, Margit, alikuwa ameshatoka na chungu.

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi ng'ombe wa kwetu wanavyozaa haraka. Gjermund hajafika katikati ya daraja, ndugu wa kinu wanaonekana njiani na masepetu. Mgongo wa mchungaji ukapona akiwa bado yuko mbali. Wa kule juu wakaja wote, na meno yao yote.

Gjermund alipanda paani kwangu na kuanza kunitukana kuanzia ukingo wa chini. Magome nimeyachuna kama mtu anayevua viatu amelewa. Kulabu nimezipigilia kwa kichwa. Mbwa wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na busara kuhama. Nikamjibu kila tusi kwa tusi, yeye akitandaza na mimi nikifunika, watu wakipokezana mabamba chini yetu, hakuna aliyecheka waziwazi ila Åsne. Kwenye kona ya kaskazini, pagumu kuliko pote, hakunitukana. Alipiga magoti, akapanga gome kwa gome kwa vidole, akapuliza vumbi kabla ya kufunika. Nilipompa bamba alilipokea kwa mikono miwili.

Paa limefungwa jua likiwa bado juu ya kilima. Watu wamekula uji wamesimama. Gjermund hakula. Nilimkuta ndani ya ghala, peke yake, kofia mkononi, ameegemeza kiganja kwenye mhimili wa mlango. Nilikuwa na neno la kumchoma, tayari ulimini.

"Sikuja kwa ajili yako," kasema bila kugeuka.

"Najua."

"Ungeoza wewe likabaki lenyewe, nisingeshika hata sepetu."

"Nitaoza. Ngoja zamu."

"Fanya upesi." Akavaa kofia. Mlangoni akasimama. "Pale kaskazini usimruhusu mtu akanyage mpaka mizizi ishikane. Hata wewe. Hasa wewe."

Ameondoka bila kuaga, na mimi sikumshukuru. Anayeshukuru ndiye anayefunga mlango, mama alisema, maana analimaliza deni. Nilitaka kuandika kwamba namchukia kama jana. Namchukia. Ila jana nilijua kwa nini.

Septemba 7

Mvua. Tumekaa ghalani, mimi na Ragndi, tukaiangalia ikishindwa kuingia. Kuanzia jana hajanisema hata kidogo, na safari hii sikuogopa.

Septemba 8

Mvua. Iingie wapi sasa.

Septemba 21

Gjermund kapita na trekta, kapunguza mwendo, kaangalia kona ya kaskazini, katema mate, kaongeza mwendo.

Septemba 29

Barafu ya kwanza. Nyasi za paa zimekuwa nyeupe asubuhi, adhuhuri zikawa kijani.

Oktoba 3

Bi Ingerid kaja bila lori. Kapanda ngazi, kavuta nyasi ukingoni, hazikutoka. Kauliza nani kapanga kona ya kaskazini, kazi kama ile haioni siku hizi. Nikasema mimi. Ragndi akapaliwa na kahawa. Ghala linabaki Høgli. Ragndi kampeleka mgeni kituoni, na aliporudi alikuwa anaimba, jambo ambalo ng'ombe hawajalizoea.

Oktoba 11

Ragndi, najua unasoma humu ndani nikienda zizini, kwa hiyo leo nakuandikia wewe moja kwa moja.

Toka nje uangalie juu ya ghala. Yule mwenye ndevu aliyesimama kona ya kaskazini, anayekula paa letu, si Gjermund, ingawa wanafanana. Ni mbuzi wake. Kapanda kupitia rundo la kuni. Nimemtupia mabonge ya theluji, ameyakwepa. Nimemtukana, amenijibu. Ngazi nimeikosa, na hata ningeipata, mimi pale nimekatazwa kukanyaga.

Una deni langu, dada. Uliniomba neno moja, lile la nakuomba, nikalisema, tena mara mbili. Basi vaa viatu, vuka daraja, kamwambie aje amshushe mbuzi wake. Nenda wewe. Mimi na yule mtu, maneno ya mwaka huu nimeyamaliza.